Kuzima Taa

Kazi yangu ina jina ambalo ukilivuta kwenye Kiswahili linaleta fujo. Ukisema "nakodi boksi la gari," mtu wa hapa Base Camp anadhani nakodisha gari, anauliza bei ya kwenda Mbarara. Kwa hiyo mimi husema naliandikia boksi. Gari la siku hizi lina maboksi mengi, yaani kompyuta ndogondogo: la injini, la breki, la milango, la erbegi. Kila moja linaandikiwa namba zinazoliambia liko ndani ya gari la aina gani na lina vitu gani vya kulinda. Ukibadilisha boksi bila kuliandikia, gari linalikataa na taa inawaka.

Kazi hiyo naifanyia nyumbani, hapa Nakivale, chini ya turubai mbele ya mlango wangu. Nina kompyuta ya mtumba, waya wa kuchomeka kwenye plagi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, betri ya sola ya kusaidia ile ya gari, na daftari. Daftari ndilo naliheshimu kuliko vyote. Kabla sijagusa kitu, naandika humo namba zote za zamani. Nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza niliandikia boksi la milango ya Golf moja huku betri inasoma volti 11.8. Katikati ya kuandika umeme ukashuka, boksi likanyamaza kabisa. Milango haikufunguka, vioo havikushuka, na namba za zamani sikuwa nazo. Nililipa boksi lingine kwa pesa ya miezi mitatu. Tangu siku ile, chini ya volti 12.5 sianzi, hata mwenye gari akasirike vipi.

Kitu kimoja nakipenda kwenye haya maboksi: yakikataa, yanasema sababu. Jibu la kukataa linaanza na 7F, na mwishoni inakuja namba. 22, hali haijawa sawa, pengine injini inanguruma na ilipaswa kuwa imezimwa. 31, unachoomba kiko nje ya mipaka yangu. 33, hujaonyesha ruhusa. 36, umejaribu mara nyingi mno. Halafu kuna 78, ambayo si kukataa hasa: nimepokea vizuri, bado nashughulika, subiri. Ninyi ambao faili zenu zimekaa miaka mtaicheka hiyo 78, najua. Lakini sitaki kwenda huko kwa kulinganisha gari na mkimbizi, maandishi ya namna hiyo tumeshasoma ya kutosha. Swali langu ni lingine. Mtu mwenye uwezo wa kuzima taa, ana haki ya kuizima lini?

Gari lililoniletea swali hili ni Volkswagen Touran, la viti saba, linalobeba abiria kutoka hapa kwenda Mbarara. Mwenyewe simtaji, wote mnamjua. Alilinunua bei ya chini, likiwa na taa nyekundu ya erbegi inawaka, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Akaja jioni moja, akakaa kwenye kibao changu.

"Fundi, ile taa iko inanisumbua. Bateja banaiona, banaogopa. Uizime tu."

Nikachomeka waya. Gari lilisema boksi la erbegi halikuandikwa sawasawa. Mtu fulani, mbali huko, alitoa boksi la kwanza akaweka la gari lingine, na hakumaliza kazi. Nikafurahi, maana hiyo ni kazi yangu hasa. Nikaweka namba niliyoikuta kwenye gari. 31. Nikaweka namba ya Touran nyingine niliyokuwa nayo kwenye daftari. 31. Hapo ndipo mafundi wengi wanaanza kubahatisha, wanatupa namba kama watu wa kamari. Mimi nililala. Kesho yake nikasoma vizuri jinsi boksi lenyewe linavyojitambulisha kwenye kioo cha kompyuta, nikaona mwanzoni lina alama mbili, 0N. Maboksi ya erbegi ya Volkswagen ya miaka ile, namba yake ya kuandikiwa inatoka kwenye alama hizo. Kwa hesabu ya kompyuta sifuri ni 30 na N ni 4E. Ukiziunganisha ni 304E, na 304E kwa hesabu yetu ya kawaida ni 12366. Nikapima betri, nikaandika 12366. Boksi likakubali. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka ndani kuuliza kama posho imefika.

Taa ikabaki inawaka.

Nikasoma upya. Kosa la kwanza lilikuwa limeondoka, na nyuma yake likatokea jingine: 00589, kiwashio cha erbegi ya abiria wa mbele, ukinzani umezidi. Kwa lugha ya nyumbani: natuma umeme kidogo upande wa abiria ili nijue kama erbegi ipo, na umeme haurudi. Mara nyingi kosa la namna hii ni plagi. Plagi za erbegi ni za njano, na zile zilizo chini ya viti vya mbele hulegea kwa sababu watu wanasukuma viti na kupachika magunia. Nimezima taa nyingi kwa kuzisafisha tu. Safari hii nikatenganisha betri, nikasubiri kama inavyotakiwa, nikatoa droo ya dashibodi. Plagi ya njano ilikuwepo, imefungwa kwa utepe mweusi, inaning'inia peke yake. Nyuma ya dashibodi nzuri, iliyopakwa rangi vizuri kabisa, hapakuwa na kitu.

Yaani gari lilikuwa limegonga zamani. Erbegi ilifumuka, ikatupwa, dashibodi ikafunikwa.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na bado nimekaa. Taa ya juzi na taa ya leo ni taa moja, rangi moja, mahali pamoja. Ya juzi ilitokana na maandishi mabovu, na kuyasahihisha ni kazi halali. Ya leo inasema kweli. Na mkono wa kuzima zote mbili ni huu huu, waya huu huu. Ajabu ni kwamba lile kosa la maandishi lilikuwa limekaa mbele ya ukweli kama pazia. Ningeshindwa kwenye 31, nisingejua kitu, na leo ningelala vizuri.

Mwenye gari nilimwonyesha plagi. Akaitazama kidogo tu. Akauliza, "Ile ya rezista je?"

Alijua. Wengi wanajua. Unaweka kirezista cha omu mbili au tatu penye plagi, kitu ambacho bei yake haifiki ya andazi. Boksi linatuma umeme wake mdogo, unarudi vizuri, linaridhika. Ukiwasha gari, taa inawaka sekunde chache za kujipima, kisha inazimika, sawasawa na gari zima. Anayeziba taa kwa utepe unaweza kumkamata: washa swichi, taa isipowaka mwanzoni jua kuna mchezo. Mtu wa rezista humkamati. Si kwamba umeizima taa. Umeifundisha kusema uongo.

Nikakataa. Yeye si mtu mjinga, akanijibu moja baada ya nyingine, na majibu yake nayaweka hapa kwa sababu sikuyashinda yote.

Alisema: magari mangapi hapa hayana erbegi kabisa? Ile Hilux kuukuu inabeba mihogo na watu juu yake. Boda inabeba mama na watoto wawili. Nani anawaambia ni waongo? Kweli, hakuna. Lakini anayepanda juu ya mihogo anajua amepanda juu ya mihogo. Hilo nilimjibu haraka.

Alisema: ukarabati wa kweli ni zaidi ya milioni moja, na hiyo milioni ni ada za watoto wake. Sikujibu. Mimi pia nina watoto.

Alisema: na ile Noah je? Hapo aliniuma. Mwaka juzi nilifuta kosa kwenye Noah iliyokuwa inauzwa. Nilifuta tu, sikutengeneza, nikijua baada ya siku mbili tatu taa itarudi, na itarudia kwa mnunuzi. Nilichukua elfu 40. Sikuwa nimemwambia mtu, kumbe aliyeuza alikuwa amesimulia kila mahali, kama kichekesho.

Halafu akasema neno la mwisho.

"Fundi, wewe ulizaliwa lini?"

"Tarehe 1, mwezi wa 1."

"Na mimi. Na mke wangu. Na nusu ya watu kwenye foleni ya posho. Mama zetu walipatana?"

Tulicheka wote wawili. Anayefanya kazi kwenye shirika na anasoma hapa anajua habari hiyo. Mtu hajui siku, fomu haikubali nafasi tupu, foleni ni ndefu, karani anaandika Januari 1. Fomu ingekuwa boksi ingetoa 31. Tuliandikiwa namba ili tukubalike, na tumeishi nayo, tumeisaini. Sasa mimi ni nani wa kushika mkono wa mtu kwa sababu ya kirezista?

Usiku nililifikiria hili mpaka taa ya sola ikaisha. Jibu nililolipata ni kwamba Januari 1 ni uongo uliojitangaza. Kila anayeisoma, polisi, daktari, mwalimu, anajua maana yake ni "hatujui siku." Haimdanganyi mtu. Rezista kazi yake yote ni kwamba asijue mtu. Nikaona nimeshinda. Halafu nikakumbuka kijana mmoja, ambaye mwaka wake ulipunguzwa miwili ili apate nafasi ya shule, na nilijua, na nilimpongeza. Mwaka ule haukujitangaza. Kama kuna mtoto mwingine aliyekosa nafasi ile, mimi sikumwona. Nilitaka kusema tofauti ni nani anaumia, nikaona sijui nani anaumia, maana aliyeumia huwa hayupo mbele yako anapokuomba mwingine aliye mbele yako.

Kitu pekee kilichobaki mkononi ni hiki. Taa ile haiwaki kwa ajili ya mwenye gari. Yeye anajua tayari. Inawaka kwa ajili ya yule aliyekaa kushoto, ambaye hajanilipa, hajanijua, na hakuwepo tulipokuwa tunapatana bei. Ninyi wa mashirika mnapopanda Land Cruiser zenu na dereva anawaambia fungeni mikanda, mnaegemea neno la fundi msiyemjua. Kuizima taa ya mtu ambaye hakunituma niizime, hiyo ruhusa sina. Ni 33. Na mwenye gari hana ya kunipa, kwa sababu si yake pia.

Nikamwambia: nitakuachia maandishi niliyosahihisha, hela ya rezista sitaki. Acha taa iwake, na weka karatasi kwenye dashibodi kwamba upande huu hauna erbegi. Alinitazama kama nimemwambia aandike "gari hili ni kaburi." Alilipa nusu, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi kutoka Mbarara na taa imezimika. Sikuuliza. Alipita mbele ya turubai langu taratibu, akapiga honi.

Nilidhani kukataa kungekuwa mwisho wa jambo. Si mwisho. Sasa tuko watu watatu tunaojua: yeye, fundi wa mjini, na mimi. Fundi anayetangaza siri za magari ya watu hapati kazi tena, na si pesa tu, kuna heshima pia, mtu alikufungulia gari lake kama anavyomfungulia daktari mwili. Nikisimama stendi nikatangaza, nimeua riziki ya familia ya watu wanane kwa gari ambalo pengine halitagonga kamwe. Nikinyamaza, mimi na rezista kazi yetu ni moja.

Jumatatu iliyopita nilikuwa stendi mapema. Touran inajaa. Jirani yetu mmoja, mama anayenyonyesha, anakwenda hospitali Mbarara, akafungua mlango wa mbele, akaanza kupanda na mtoto kifuani.

Nikasema, "Mama, kaa nyuma."

"Kwa nini? Mbele hakuna vumbi."

Mwenye gari alikuwa ameshika usukani. Akageuka, akanitazama, akangoja.

"Nyuma kuna nafasi ya kumlaza mtoto," nikasema.

Akashukuru, akahamia nyuma. Kijana mwenye begi la shule akapanda mbele pale alipotoka, akafunga mlango. Mwenye gari akawasha. Kupitia kioo nikaiona taa ikiwaka, sekunde tatu, nne, kisha ikazimika kama inavyotakiwa.