Gonga Meza

Siku dada yule aliponiambia, tulikuwa tumebaki wawili chini ya mwembe, hapa Hewani. Wengine walikuwa wameshapanda boda kurudi Minjila. Alikuwa anafunga begi lake, hanitazami.

"Kaka, nikwambie kitu, hutakasirika?"

Nikasema sema.

"Mkutano ukifika pale pa maana, wewe huhamia Kipokomo. Mimi hubaki nikiangalia midomo yenu."

Nikacheka. Nikamwambia hapana, labda ni neno moja moja tu, na kwanza mimi ndiye niliyesema tangu siku ya kwanza kwamba kazi hii itafanywa kwa Kiswahili. Hakubishana. Akavaa begi, akasema, "Sawa, kaka," akaenda zake. Ile "sawa" ndiyo iliyoninyima usingizi.

Ngoja nieleze tulikuwa tunafanya nini. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño ziliufurisha mto Tana, na Aprili na Mei 2024 maji yakarudi tena kabla watu hawajamaliza kusimamisha nyumba. Shirika moja likataka orodha ya kaya zilizopoteza makao, mashamba na mifugo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na tangu hapo naishi kwa kuwaandikia watu makala. Nikapewa kuongoza kikundi cha watu sita, kwa sababu mbili: najua kujaza fomu kwa simu, na ni mtoto wa hapa. Tulikuwa Wapokomo wanne, Mluhya mmoja aliyezaliwa Garsen, na dada huyu, Muorma.

Mkutano uliofuata niliwaomba wenzangu ruhusa nirekodi kwa simu. Nilisema ni kwa ajili ya kumbukumbu, sababu ya kweli sikuisema. Usiku nikavaa visikizi nikasikiliza dakika zote 42, nikiweka alama kwenye karatasi kila nilipobadilisha lugha. Nilitarajia alama mbili, au tatu hivi. Zilikuwa tisa.

Idadi yenyewe sikuijali sana. Mahali zilipoangukia ndipo paliponiuma. Salamu, mzaha, malalamiko juu ya bei ya mafuta ya boti, vyote vilikuwa Kiswahili safi. Lakini kijiji kipi kifikiwe kwanza, jina la nani lina utata, boti ilale upande gani wa mto: hapo sauti yangu inashuka kidogo na lugha inabadilika. Maneno mepesi yalikuwa ya sote sita, na uamuzi ulikuwa wa wanne. Na mimi, mwenye sauti ile, sikuwahi kuisikia. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Nilikuwa nimelitumia neno hilo mara nyingi juu ya watu wengine.

Sasa swali ambalo limenikalia tangu siku hiyo ni hili: mtu ana hatia kwa jambo asilojua kuwa analifanya?

Jibu rahisi ni hapana. "Sikujua" ni neno tunalolikubali kila siku. Ukinikanyaga kwenye matatu bila kuniona, nakwambia si neno. Na kweli, sikukaa usiku mmoja nikapanga kumtenga mtu. Nikitafuta chanzo cha tabia yenyewe, napata kitu ambacho hakina uovu.

Mwaka 2012 nilikuwa na miaka 12. Kama hukuwa huku, huenda unaukumbuka kama habari ya wiki mbili tatu: Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji, mashamba na malka, yaani zile njia za mifugo kwenda mtoni. Agosti 22 kijiji cha Riketa kilivamiwa, wakauawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma. Septemba vijiji vya Wapokomo navyo vikachomwa, wakafa watu. Serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Sisi watoto wa pande zote mbili tulijifunza somo moja: watu wazima wakishusha sauti na kubadilisha lugha, jambo linalofuata ni la uhai. Lugha ya nyumbani ilikuwa blanketi, ukiingia ndani yake uko salama. Mtoto aliyejifunza hivyo hakukosea. Kosa ni kwamba ana miaka ishirini na kitu sasa, ameshika kalamu ya orodha, na bado anajifunika blanketi lile kila jambo likiwa zito.

Mazoea yana historia kama hiyo ya mto wenyewe. Karne ya 19 watu walichimba mfereji kwa mikono, wa Belazoni, kuunganisha Tana na mto Ozi ili mitumbwi ipite. Ulikuwa mfereji tu, kazi ya majembe. Lakini maji yakaupenda, yakaupanua kidogo kidogo kila msimu, mpaka mto wenyewe ukahamia humo. Leo Tana inaingia baharini Kipini, kwa mdomo uliokuwa wa Ozi. William James, mwanafalsafa wa Marekani, alitumia mfano wa maji na mkondo katika kitabu chake cha saikolojia cha 1890, kueleza jinsi mazoea yanavyojichimbia njia ndani yetu. Sisi wa huku hatuhitaji mfano wa kitabuni, tunalima kando yake. Aliyechimba mfereji alikuwa na sababu. Maji ya leo hayaijui sababu ile, yanapita tu kwa kuwa ndiko kulikochimbwa.

Basi mimi sina hatia? Hapo ndipo ninapokataa. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anasema kutojua hakumwokoi kila mtu: mlevi hakujua alilofanya, lakini kulewa alikujua, na aliyezembea angeweza kuwa makini. Nikijipima kwa mizani hiyo, naulizwa hivi: kabla ya kuuliza kama nilijua, nilifanya nini ili nisijue?

Jibu langu linaniaibisha. Jambo hili halikuwa siri. Dada alilijua tangu wiki ya kwanza. Yule kijana wa Kiluhya alilijua pia, alinikubalia nilipomuuliza. Hata mmoja wa wenzangu wa Kipokomo aliniambia, "Aah, si unajua wewe uko hivyo." Kikundi cha watu sita, na asiyejua ni kiongozi peke yake. Dada alisubiri wiki tatu kabla ya kusema, na alipopata ujasiri nilimjibu kwa kicheko. Kama asingesema tena, ningeishi na kicheko changu mpaka leo nikijiita mtu wa amani.

Ndiyo maana nadhani tabia isiyojulikana ya mtu mwenye cheo haifanani na ya mtu mwingine. Mtu wa kawaida akiwa na tabia mbaya ataambiwa mchana huohuo, tena kwa ukali. Mwenye cheo haambiwi, kwa hiyo hajui. Kutojua kwake kunagharamiwa na kimya cha wale wanaomhitaji. Wewe uliye kwenye ofisi Nairobi au Mombasa, unayeongoza watu wawili au ishirini, hebu tazama: nani huombwa kuandika kumbukumbu za kikao kila mara? Akiongea nani ndipo wewe huchukua simu? Jina la nani hulitaji unapoeleza wazo lililokuwa lake? Usijiulize kama una tabia mbaya, utajijibu vizuri. Jiulize ni nani huondoka kwenye vikao vyako akiwa amenyamaza, na kama angekuwa na neno, angelisema wapi.

Na gharama haikuwa hisia tu. Katika ile rekodi, kwenye mojawapo ya zile alama tisa, tuliamua kwa Kipokomo kwamba ng'ambo ya mto pangojee, maana watu wa pale walihama mapema. Dada alipotafsiriwa baadaye alishangaa. Walihama, ndiyo, lakini walikuwa wamerudi, na kwake halikuwa jambo la kutafuta, alikuwa na shangazi yake pale pale. Tulipovuka tukakuta kaya 19 zilizokuwa hazimo kwenye orodha ya kwanza. Nyingine zilikuwa zimeshaondoka na ng'ombe kutafuta malisho, hatukuzipata. Sikuwachukia watu wale. Sikuwafikiria vibaya hata mara moja. Lakini mtu aliyekosa jina kwenye orodha, moyo wangu safi unamfaa nini?

Nikaanza kujirekebisha, na mwanzoni niliharibu. Nilidhani ni suala la kukaza nia. Nikawa naongea kama msoma taarifa, nikijichunga kila sentensi, na jambo likipamba moto nia inakatika na Kipokomo kinatoka vilevile. Unajua watu husema tabia hubadilika kwa siku 21. Namba hiyo ilisambaa kutokana na kitabu cha 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeona wagonjwa wake wanahitaji angalau siku kama 21 kuzizoea sura zao mpya. Philippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea jambo dogo jipya, kama kunywa maji au kula tunda, wastani ulikuwa siku 66, na tofauti ilianzia siku 18 hadi 254. Na hayo ni maji na matunda. Hakuna aliyeyajifunza gizani, akiwa na miaka 12, akisikia milio.

Kilichosaidia ni kuacha kujitegemea. Nikamrudia dada, nikamwomba radhi mbele ya wenzetu, si pembeni, maana kosa halikufanyika pembeni. Tukaweka mambo mawili. La kwanza: hakuna uamuzi mpaka uandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi kubwa, na wote sita wausome kabla ya mtu kuinuka. La pili: yeyote akisikia lugha imehama, agonge meza. Hakuna haja ya kueleza, wala ya kuomba samahani. Agonge tu.

Si kila mtu alifurahi. Rafiki yangu mmoja, tumekua pamoja, tumevua kambare pamoja, aliniuliza, "Sasa lugha ya mama yako imekuwa kosa?" Swali hilo si la kudharau. Wimbo wetu wa taifa umetokana na sauti ya bembelezo la Kipokomo, nchi nzima husimama wima kwa wimbo wa akina mama wa mto huu. Sitaki kuwa mtu anayejirekebisha kwa kujifuta. Nilimjibu, na bado najibu hivyo, kwamba sijaiacha lugha. Naiongea nyumbani, matangani, na nyanya yangu hanijui kwa nyingine. Lakini kuna kuongea lugha kwa kuichagua, na kuna kubebwa nayo kama gogo kwenye mafuriko. Ninachokivunja ni kule kubebwa. Hakuridhika sana. Tunasalimiana, ila kuna kitu kimepungua kati yetu, na sijui kama kitarudi.

Wazee husema tabia ni ngozi, mtu huzikwa nayo. Nilikuwa nautumia msemo huo kama mto wa kulalia kichwa. Chuo nilikiacha hivyohivyo. Watu niliwaambia ni karo, na karo kweli ilikuwa shida, lakini kabla ya karo kulikuwa na mazoea ya kuondoka mahali kabla sijaambiwa nimekosea wapi. Nikikosa somo moja naona aibu kurudi kwa la pili. Hakuna aliyenifukuza, niliteleza tu. Naona sasa kwamba ni mkondo uleule: jambo likiwa zito, najificha. Darasani nilijificha nyumbani, na kwenye uongozi nikajificha ndani ya lugha.

Kwa hiyo nakubali nusu ya ule msemo. Ngozi huivui, lakini unaweza kuruhusu mtu aiguse akwambie inapouma, au inapowaumiza wengine. Hiyo si kazi ya mtu mmoja kwenye kioo. Kioo kingenionyesha kijana mzuri wa Hewani.

Kazi ile iliisha, ila kikundi hatujavunja, hupewa vibarua vingine mara kwa mara. Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa Minjila, tunagawana vijiji. Nilikuwa naeleza jambo, naliona liko wazi kabisa, na moyoni nilikuwa nawaza kwamba miezi mingi imepita bila kosa.

Meza ikagongwa.

Sikuwa nimesikia kitu. Nikawatazama wenzangu, wote wanajua. Nikaanza sentensi upya.