Je, Hesabu Ikitimia, Hakuna Aliyepotea?



Katika toleo hili tunaandika juu ya sisimizi na siafu. Wako watakaocheka, na wacheke tu. Lakini tangu mvua zilipoanza, baraza la wazee lina jambo ambalo halijaisha: kile kichaka kilichobaki nyuma ya kanisa, kinachoshuka mpaka bondeni. Familia zilizofika karibuni hazijapata pa kulima, na wapo walioomba kichaka kifyekwe wagawiwe. Katika mazungumzo ndugu mmoja aliuliza, "Kwani kichaka kile kina nini? Siafu tu. Na siafu hawaishi duniani, ukifukuza hawa watakuja wengine." Wengi waliitikia. Tunalichukua neno hilo kama lilivyosemwa, kwa sababu lina swali kubwa ndani yake.

Baadhi yetu tumezaliwa Bugeshi, katika Rubavu, zamani Gisenyi. Wengine tumetoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kibumba. Wote tunaujua ule ukuta wa mawe ya volkano uliojengwa kandokando ya hifadhi ili nyati wasishuke kwenye viazi. Upande wa huku ni mashamba: viazi, mahindi, pareto, na mikaratusi mipakani. Upande wa pili ni msitu unaopanda hadi Karisimbi, mita 4,507.

Mpaka huo wa shamba na msitu haukuwa pale tangu mwanzo. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, ikaitwa Albert. Kuanzia 1969 sehemu kubwa ya upande wa Rwanda ilikatwa ili ilimwe pareto, na familia zisizo na ardhi zikapewa viwanja. Pareto ina ua jeupe la kupendeza, na dawa itokayo katika ua hilo huua wadudu. Basi msitu uliojaa wadudu ulitoa nafasi kwa mmea wa kuwaua. Hatusemi hivyo kwa kuwalaumu waliopewa viwanja, maana wapo kati yetu waliosomeshwa kwa pesa ya pareto. Kabla yao walikuwepo Batwa, wenyeji wa msitu, nao walitolewa bila kupewa pa kwenda. Na katika miaka hii serikali ya Rwanda imetangaza mpango wa kupanua tena hifadhi, unaohusisha kuwahamisha wakulima wanaoishi karibu nayo. Ardhi ile ile, na kila mara yupo anayefungasha mizigo.

Turudi kwa sisimizi. Mlimani juu, kwenye baridi, aina zao ni chache. Mahali ambapo wataalamu wamewahesabu kwa bidii katika ukanda wetu ni msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2009 walichapisha orodha ya aina 288 za sisimizi wa msitu ule mmoja. Aina 288! Sisi tukihesabu kwa Kiswahili chetu hatufiki kumi: sisimizi, siafu, majimoto, na wachache wengine. (Mchwa na kumbikumbi hawamo katika hesabu. Wanafanana na sisimizi kwa maisha, lakini kwa ukoo wako karibu zaidi na mende.) Wako wanaoishi ndani ya gogo lililooza, wako wasioshuka kutoka juu ya miti, wako wanaowinda katika majani makavu chini. Msitu ukifyekwa na jembe likapita, gogo halipo, majani hayapo, kivuli hakipo. Shambani hubaki wale wanaovumilia jua na kula chochote. Ni wengi sana kwa idadi, ila kwa aina ni wachache. Na wengine wanamwumiza mkulima, kwa mfano wale wanaowalinda vidukari kwenye maharage ili wanywe utamu wao. Wengine wanakula viwavi na kupitisha hewa na maji udongoni, na hao tunawahitaji.

Siafu wana habari yao ya pekee. Malkia wa sisimizi wengi huota mabawa, huruka baada ya mvua, akatua mbali na kuanza upya. Malkia wa siafu hana mabawa kabisa. Kundi likitaka kuzaa kundi jingine, hugawanyika, na malkia mmoja huondoka kwa miguu pamoja na watu wake, mamilioni, tena vipofu, wakishikana kwa harufu. Kipande cha msitu kikizungukwa na mashamba, siafu wa msituni hawawezi kuruka kukifikia. Wakiisha humo, wameisha.

Huko Kakamega kuna aina mbili za siafu wanaotembea kwa makundi makubwa juu ya ardhi. Wataalamu waliwafuata katika msitu mkubwa na katika vipande vidogo vilivyobaki katikati ya mashamba. Waliona kwamba aina moja, Dorylus wilverthi, imepungua sana katika vipande vidogo, na nyingine, Dorylus molestus, imeongezeka ikachukua nafasi yake. Ukihesabu misafara ya siafu tu, utasema hakuna kilichopungua. Lakini kuna ndege ambao maisha yao ni kufuata misafara hiyo, wakiwadaka panzi, mende na buibui wanaokimbia mbele ya siafu. Ndege hao walikuwa wamepungua vibaya katika vipande vidogo. Wao walijua tofauti ambayo hesabu haikuionyesha.

Hapo ndipo swali la ndugu yetu linapotugusa. "Watakuja wengine." Ni kweli, wanakuja. Je, hesabu ikitimia, hakuna aliyepotea?

Sisi tunaoishi makazini tunaijua hesabu. Siku ya uhakiki tunapanga mstari tangu alfajiri, tunaonyesha karatasi, familia inaandikwa watu sita. Mwaka unaofuata bado ni sita, kwa kuwa bibi amefariki na mtoto amezaliwa. Mgawo haubadiliki, na ni haki usibadilike, maana karani hana namna nyingine ya kugawa unga. Lakini ndani ya nyumba ile hakuna anayesema kwamba ni wale wale sita. Na mashamba tuliyoyaacha, wengi tunasikia yana watu. Yanalimwa, moshi unaonekana jikoni. Anayepita barabarani anaona kijiji kimejaa.

Tunamkumbuka Ayubu. Mwanzoni alikuwa na wana saba na binti watatu, kondoo elfu saba na ngamia elfu tatu. Mwishoni Bwana alimpa kondoo elfu kumi na nne na ngamia elfu sita, mara mbili ya kwanza. Watoto, wana saba na binti watatu tena, hawakuzidishwa. Wapo wahubiri wanaoeleza kwamba hawakuzidishwa kwa sababu wale kumi wa kwanza hawakupotea mbele za Mungu, hivyo jumla ni ishirini. Sisi tunaona maelezo hayo ni mazuri, na tumewahi kuyatumia katika kufariji. Hata hivyo yanakubali jambo lile lile: wa pili hawakuwa badala ya wa kwanza. Kondoo walilipwa kwa kondoo. Mtoto hakulipwa kwa mtoto.

Mtu atasema, basi mmejijibu wenyewe. Siafu wako upande wa kondoo, hawako upande wa watoto. Yesu mwenyewe alisema sisi tu bora kuliko mashomoro wengi. Tunakubali, na hatutaki mtu atoke hapa akisema gazeti la kanisa limewalinganisha watu na wadudu. Mtoto mwenye njaa anatangulia. Mwezi Julai 1994, watu wengi mno walipoingia Goma na kambi ikafunguliwa Kibumba, juu ya mawe ya lava pasipo maji, kuni zilitoka katika msitu wa Virunga na miti mingi ikakatwa. Hatumhukumu mama aliyekata mti achemshe maji wakati kipindupindu kinaua. Hata ile sheria ya Kumbukumbu la Torati sura ya 20, inayokataza kuangamiza miti ya matunda wakati wa vita, inaruhusu kukata ile mingine. Kwa hiyo hatuwezi kusimama madhabahuni tukasema Biblia inakataza kufyeka kichaka.

Lakini Yesu alipowataja mashomoro hakusema kwamba hawana hesabu mbele za Baba. Alisema kinyume: hakuna hata mmoja aangukaye Baba asijue. Na yule mwandishi wa Mithali 30, akitaja viumbe vinne vidogo vyenye akili, anawaita chungu kuwa ni watu, taifa lisilo na nguvu. Neno hilo linatusumbua sisi tulio taifa lisilo na nguvu. Jicho linalozoea kusema "hawa ni siafu tu, watakuja wengine" ni jicho lile lile lililotutazama sisi siku moja. Tusilizoeze.

Ukweli ni kwamba kichaka chetu si Kakamega. Ni kidogo, kimekwisha kukatwa kuni mara nyingi, na huenda aina nyingi zilishaondoka zamani. Lakini kwa sababu ni kidogo, hata njaa hakitaiondoa. Tumekipima kwa hatua: kikigawiwa kwa familia zinazongoja, kila moja itapata matuta machache, na baada ya misimu miwili udongo ule wa mteremko utakuwa umeshuka bondeni.

Maoni yetu, na wazee watayapima, ni kwamba ardhi ya wageni itoke kwanza kwetu sisi tuliofika zamani. Wapo wenye viwanja viwili. Wapo waliokodi na hawalimi. Ni rahisi kuwa mkarimu kwa kutoa makao ya siafu, kwa kuwa siafu hawaji barazani kulalamika. Kila familia iliyokaa hapa zaidi ya miaka kumi ikitoa matuta mawili, wageni watapata zaidi ya kile ambacho kichaka chote kingewapa. Tunajua maneno haya hayatapendwa. Ikionekana kwamba hata hivyo hayatoshi, kichaka kifyekwe, na tutashika panga pamoja nao, ila tujue tunachofanya na tusiseme ni kichaka tu.

Baraza litakaa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili. Mwenye neno alipeleke kwa mzee wa mtaa wake kabla ya siku hiyo. Tumeomba familia zilizofika karibuni zije zenyewe ziseme, na atakuwepo wa kutafsiri kwa wasiozoea Kiswahili.