Jina kwenye pembe ya picha

Mama aliuza karanga soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, na karanga zinataka karatasi ya kufungia. Kwa hiyo siku ile baba alipoingia uani na boksi kichwani, mama alifurahi kuliko kama angeletewa kanga. Baba alikuwa mpishi wa mtaalamu mmoja wa kilimo, Mwingereza. Mkataba ulikuwa umekwisha, mzungu anarudi kwao, na watoto wake walikuwa wameacha makaratasi yao nyuma. Mama alilitazama boksi akaona mtaji wa miezi mitatu.

Mimi nilikuwa darasa la tatu. Kiingereza changu kilianzia na kuishia kwenye kumsalimu mwalimu. Lakini ndani ya boksi lile mlikuwa na vibonzo, Beano na Dandy, na vibonzo havikuniuliza najua lugha gani. Palikuwa na mvulana mwenye nywele kama jani la mgomba lililochanwa na upepo, fulana yake ya mistari myekundu na myeusi, nyuma yake jibwa lenye manyoya kama ya bwana wake. Akikimbia, miguu inageuka wingu la vumbi. Akigongwa, nyota zinazunguka kichwani. Na mara nyingi kisa kilifikia ukingoni baba yake akiwa ameshika kandambili. Hapo sikuhitaji mkalimani. Kwetu chini ya Meru chombo kilikuwa fimbo, ila mkono uliokishika ulikuwa uleule.

Nikamwita Madenge wa Ulaya.

Maana Madenge wa kwetu, mtoto mtundu wa vibonzo, nilikuwa ninamjua tayari, kutoka jarida la Sani. Kinyozi wa Mianzini, mjini Arusha, alikuwa na nakala kama sita, amezitoboa pembeni na kuzifunga kwa uzi wa viatu ili zisitembee. Sheria yake ilikuwa moja: asiyenyolewa hasomi. Nadhani katika historia ya ukoo wetu hakuna mtoto aliyeomba kunyolewa mara nyingi kama mimi. Nilikuwa namwachia kaka yangu zamu, na baada yake mtu mwingine, mradi tu nifike mwisho wa kisa. Karatasi zenyewe zilikuwa nyepesi, wino unahamia vidoleni, na mkunjo wa katikati ulikuwa umekula nusu ya uso wa Pimbi, mhusika mwingine wa humo.

Sani lilizaliwa miaka ya 1970, na jina lake limeunganishwa kutoka kwa watu wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Ndani yake ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Kipepe, Lodi Lofa na wenzao. Mtu mzima leo akitaja jina moja tu kati ya hayo kwenye kifodi cha kwenda Ngaramtoni, atapata abiria wawili watatu wa kumsaidia kucheka. Mjomba wangu mmoja, aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa shamba kwa kukubaliana na pande zote mbili kwa siri, aliitwa Ndumilakuwili hadi tunamzika. Na hapa niseme jambo lililonichekesha ukubwani: katika Beano kulikuwa na lodi pia, Lord Snooty, lodi wa kweli mwenye kasri, anayetoroka aende kucheza na watoto wa maskini. Lodi wa kwetu yeye ni lofa. Waingereza walimchora tajiri anayejifanya mtu wa kawaida. Sisi tukamchora asiye na kitu anayejifanya tajiri. Kila mtu huchora anachokiona mtaani kwake.

Kabla ya hao wote alikuwapo Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, enzi zilezile za Azimio la Arusha. Kwa hiyo kizazi kimoja kilisomeshwa miiko ya viongozi kwa namna mbili: asubuhi kwa hotuba, na baadaye kwa kikatuni cha mtu mwenye nguo zilizochoka. Sitasema ipi ilikaa zaidi kichwani. Baba yangu alikuwa mwanachama mwaminifu, hakukosa mkutano, lakini gazeti alianza kulifungua palipokuwa na Chakubanga.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike.

Nikiwa mkubwa, nilitaka kujua nani alimchora yule Madenge wa Ulaya. Jina lake ni Dennis, na mchoraji ni David Law, aliyeanza kumchora mwaka 1951. (Ajabu ni kwamba juma hilohilo, Marekani, mtu mwingine kabisa, Hank Ketcham, alianza kuchora mtoto mtundu mwingine mwenye jina hilohilo, na hakuna aliyemwibia mwenzake.) Dandy lilianza Desemba 1937 na Beano Julai 1938, yote mawili mali ya kampuni ya DC Thomson ya Dundee, Scotland. Na nikagundua kwa nini utotoni sikuona jina la mtu kwenye picha zile. Wachoraji hawakuruhusiwa kutia saini. Dudley Watkins, mchoraji wa Lord Snooty na wa Desperate Dan, alikuwa mmoja wa wachache sana waliokuja kuruhusiwa. Alifariki Agosti 1969, akiwa mezani pake pa kuchorea. Leo Baxendale, aliyembuni msichana mtundu Minnie mwaka 1953 na baadaye darasa zima la watukutu wa Bash Street, aliiacha kampuni hiyo, kisha miaka ya 1980 akaishitaki kwa ajili ya haki zake. Kesi ilichukua miaka saba, ikaisha mwaka 1987 kwa makubaliano nje ya mahakama. Miaka saba mtu mzima anadai kwamba mtoto wa kuchorwa ni wake.

Nilisikitika juu yao kama mtu anavyosikitikia jirani, mpaka nilipojiuliza: na wale wa Sani je? Hao sikuwajua kwa sababu gani?

Philip Ndunguru alikuwa mmoja wa waliowapa uhai wahusika hao. Alifariki mwaka 1986, angali kijana, na mikono mingine ikaendelea kuwachora. Nakumbuka, wallahi nakumbuka, wakati fulani pale kwa kinyozi niliona pua zimebadilika. Watu walewale, nguo zilezile, lakini pua siyo. Nikamuuliza kinyozi. Akatazama, akasema, "Hali ngumu, wanakula vibaya." Tukacheka wote, na wembe ukaendelea. Sikuwahi kuwaza kwamba pua hubadilika kwa sababu mkono umezikwa.

Wachoraji wa kwetu wengi hutia saini, na saini zipo pale pembeni, ndogo kama mguu wa siafu. Ni sisi wasomaji tusioshusha macho. Ndiyo maana Ali Masoud, baada ya kumchora panya wake miaka na miaka, ameishia kuitwa kwa jina la panya: Masoud Kipanya. Yeye amelibeba vizuri. Godfrey Mwampembwa alilifupisha jina lake mwenyewe likawa Gado, akavuka mpaka, na Nairobi wakamtambua kwa herufi nne. Hao wawili wana bahati. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini sheria haiwezi kumlazimisha mtu asome pembe ya picha.

Mimi nimewahi kufanya baya kuliko kutokusoma.

Miaka kumi na mitano iliyopita, nikiwa katika shirika dogo, niliandika kijitabu cha usafi wa mikono kwa ajili ya vijiji. Nikamtafuta kijana wa Unga Limited anichoree. Alichora picha kumi na nne. Mama ananawa kwa kibuyu chirizi, na maji yanavyotiririka unaweza kuyasikia. Mtoto ana kamasi, kuku anamtazama kamasi. Vijijini watu walikiomba kijitabu kwa ajili ya yule kuku. Nyuma ya jalada tuliandika jina la shirika, jina la mfadhili, jina la kiwanda cha uchapaji, na jina la mwandishi, yaani mimi. Kijana aliponiuliza lake, nilimwambia nafasi haikutosha. Nembo ya mfadhili ilikuwa pana kama kiganja.

Mwaka jana kifodi kilituharibikia Sakina, tukashuka. Kando ya barabara palikuwa na saluni mpya, na mtu juu ya ngazi anachora ukutani kichwa cha mchezaji mpira. Nilitambua sikio kabla ya mtu. Yule kijana huchora sikio kama herufi C yenye nukta katikati. Mama wa kibuyu chirizi alikuwa nalo, mtoto alikuwa nalo, na sasa mchezaji huyu wa Ulaya analo. Nikaita. Akageuka, mvi zimeanza.

"Aisee, shikamoo mzee," akasema, akashuka, akanipa kiwiko maana viganja vilikuwa na rangi.

Tulizungumza habari za watoto, mvua na bei ya rangi. Nilipotaja kijitabu alikumbuka kuku, akacheka. Nikamwambia ninaandika safu gazetini, niwasimulie wasomaji, na safari hii nitaliandika jina lake lote.

Akatikisa kichwa. "Jina langu lingekaa kwenye kazi, mzee. Gazetini la nini?" Akapanda ngazi.

Kwa hiyo hapa halipo. Kijitabu chenyewe kilikwisha zamani, nimebaki na nakala moja. Juzi nimechukua kalamu ya wino na kuliandika pembeni, chini ya kila picha. Zote kumi na nne.