Shilingi Elfu Kumi kwa Kila Kichwa

Serikali ya Tanzania imepanga ruzuku ya uendeshaji ya Sh 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali, na Sh 25,000 kwa wa sekondari. Kwa haraka haraka hesabu hii haina kasoro: mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchungaji wa ng'ombe wamewekwa kwenye mizani moja (ikiwa kweli mtoto wa mkubwa anasoma shule hizo).

Sasa chukua shule mbili. Moja ya mjini ina wanafunzi 1,500, fungu lake ni Sh 15,000,000. Nyingine iko katika kijiji ambacho masika hakifikiki kwa gari, ina wanafunzi 90. Yake ni Sh 900,000. Ngazi za madarasa ni zilezile. Chaki, daftari la mahudhurio na karatasi za mitihani ya muhula zinahitajika kote. Mlango ukivunjika, fundi haulizi shule ina watoto wangapi. Tena mwalimu mkuu wa kijijini ndiye anayepanda bodaboda kwa nauli ya kukata maini kupeleka taarifa halmashauri.

Sera hugawa fedha, lakini pia hutuzoesha namna ya kuiona haki. Tukishazoea kuhesabu vichwa, tunaamini kazi imekwisha pale mafungu yanapolingana, na anayeomba zaidi anaonekana anataka kupendelewa.

Haikuwa hivyo siku zote. Miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza katika sekondari za serikali ziligawanywa kwa mikoa. Mtoto wa Kilimanjaro mwenye alama nzuri aliweza kuachwa, na wa mkoa ambao ukoloni haukuujengea shule akachukuliwa kwa alama za chini. Iliuma. Huko Kilimanjaro wazazi na makanisa wakajenga sekondari zao. Siutetei utaratibu ule wote, maana ulimbebesha mtoto historia ya mkoa wake. Ila ulikiri jambo ambalo ruzuku ya leo hailitamki: watoto hawaanzii mahali pamoja.

Mtihani nao unalificha hilo. Mtoto wa shule ya kawaida ya serikali husoma msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza anakutana na Biolojia kwa Kiingereza, benchi moja na mwenzake aliyekizoea tangu chekechea. Mmoja anatafuta maana ya swali, mwingine anatafuta jibu. Miaka minne baadaye karatasi ya Baraza la Mitihani (NECTA) ni ileile, saa zilezile. Yule wa kwanza akipata sifuri, mtaani anaitwa mzembe. Kwa kuwa karatasi ilikuwa moja, hakuna anayeona haja ya kuuliza zaidi.

Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Nashukuru, ingawa kilichoondoka ni orodha tu.

Kwa hiyo bajeti ya elimu itakaposomwa tena Dodoma, usiridhike na kusikia kila mtoto amepangiwa kiasi gani. Muulize mbunge wako ile shule ya wanafunzi 90 itafikaje Desemba.