Mcheza Kwao Hutunzwa, Je, Aliyemsindikiza?



Wahenga walituachia neno: mcheza kwao hutunzwa. Lakini hawakusema lolote juu ya yule aliyekuja na mchezaji, akamshikia mkoba, akaketi kando akitazama. Leo napenda tumzungumzie huyo. Kwani wengi wetu, bwana au bibi, tumepata kuwa yeye: mwenzako anaitwa mbele ya watu apewe heshima kwa kazi yake, nawe umealikwa kwa ajili yake tu. Je, heshima ile ni yenu wawili, au ni yake peke yake? Na ukiona moyo unauma wakati ukumbi mzima unapiga makofi, uuite nini uchungu huo?

Nisiwafiche. Swali hili sikulitoa kitabuni. Lilinipata mwezi wa Novemba 2018 katika hoteli moja kubwa ya Nairobi, nikiwa nimevaa suti ya harusi yangu, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kunibana kiunoni.

Mke wangu hutunga nyimbo. Alianza na kwaya ya kigango chetu karibu na Kitale, nyimbo za matoleo na za shukrani, akiziandika katika madaftari ya shule ambayo watoto hawakuyamaliza. Baadaye akatunga wimbo usio wa kanisani, juu ya mama anayesimama mlangoni usiku akingoja. Mwimbaji mmoja wa mjini akauomba, akaurekodi, nao ukapigwa sana redioni. Watu walimjua mwimbaji. Ndivyo ilivyo kwa watunzi: ukisikia wimbo ndani ya matatu unauliza nani anaimba, ni nadra kuuliza nani aliutunga. Hata tuzo za Grammy za Marekani, ambazo sherehe yao ya kwanza ya Mei 1959 ilikuwa karamu ya hotelini, hutenga tuzo ya utunzi wa wimbo na tuzo ya rekodi yenyewe, kwani hizo ni kazi mbili. Basi barua ilipofika kwamba wimbo wa mke wangu umeteuliwa katika fungu la watunzi, nilifurahi kwa kweli. Nasema kwa kweli kwa sababu ya yatakayofuata.

Kadi ya mwaliko ilikuwa ya karatasi ngumu yenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Jina la mke wangu lilikuwa pale kamili, na chini yake maneno "na mgeni mmoja". Mgeni huyo mmoja ndiye mimi. Mimi niliyetoa mahari, ninayeitwa Katekista kuanzia sokoni hadi kwa chifu, nimekuwa mgeni wa mke wangu! Nilicheka, nikamwonyesha jirani, naye akacheka kunishinda. Nadhani kicheko chake ndicho kilichopanda mbegu.

Tulipanda basi la usiku, safari ya kilomita 380 hivi, Mama Watoto akiwa ameliweka gauni lake mapajani ili lisikunjamane. Habari za hoteli sitazirefusha. Visu na uma vilikuwa vingi kuliko chakula, na ukimtazama mwenzako wa meza utajua cha kushika. Mambo yaliyonipata hasa ni mawili.

La kwanza ni picha. Wageni walikuja mezani petu kumpongeza mke wangu, waimbaji na watu wa redio, na mmoja akaninyooshea simu yake: "Mzee, hebu tupige picha." Nikawapiga. Akaja mwingine, nikampiga. Kabla supu haijaisha nilikuwa nimepiga picha zipatazo kumi na tano, na katika zote hizo mimi simo. Bwana mmoja mwenye adabu nzuri kabisa aliniuliza kama ndimi dereva niliyemleta Mama kutoka Kitale.

La pili ni hotuba. Jina lake lilipotajwa kuwa mshindi alinipa mkoba wake, akapanda jukwaani. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru mwimbaji, na kwaya ya kigango, na marehemu mama yake aliyemfundisha kuimba wakipalilia mahindi. Mimi nilikuwa nimekwisha kunyoosha tai, nikingoja. Akasema asanteni sana, akashuka. Nilipiga makofi, lakini nilipiga kama mtu anayeua mbu.

Siku tatu baada ya kurudi nyumbani tulizungumza yale ya lazima tu: karo, maziwa, funguo za kanisa. Kichwani nilikuwa nikipiga hesabu. Nani alikaa na watoto siku za mazoezi? Nani alinunua betri za kile kinasa sauti? Nani aliyempeleka mjini kwa pikipiki siku ya mvua? Wapendwa, hesabu ya namna hii ni tamu sana, na kila ukiipiga wewe ndiwe unayedai.

Siku ya tatu nilimkuta akichambua maharagwe, nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Hakuinua macho. Alisema, "Baba Watoto, ulitaka niwaambie nini? Kwamba mlango ule ni wetu?"

Hapo nilikaa chini. Mwaka 2014 nilikuwa na njia ndefu ya kurudi nyumbani kutoka kwenye mafundisho, na njia hiyo ilipita mahali pa busaa. Baba Paroko alijua, akanionya, nami nikaacha. Lakini kabla ya hapo ulipita karibu mwaka mzima, na mke wangu aliusimamia mwaka huo mlangoni. Tena kuna usiku mmoja nilirudi nikamkuta anaandika, nikaizima taa nikisema wimbo haujazi sufuria. Akaenda kumalizia jikoni kwa mwanga wa moto. Wimbo uliopata tuzo ulikuwa ule. Mimi nilikuwa nimeusikia redioni mara nyingi, nikaupenda, nikauvumisha kwa marafiki, bila kujiuliza mama yule anamngoja nani.

Basi nilikuwa nimekwenda Nairobi kudai nusu ya heshima, na kumbe mke wangu alikuwa amenyamaza mbele ya watu wote ili anisitiri.

Sasa tulitazame swali letu. Wengine watasema: wanandoa ni mwili mmoja, kwa hiyo tuzo ya mmoja ni ya wote wawili. Nami nilikuwa nikifundisha hivyo katika semina za wachumba, kwa sauti kubwa. Siku hizi nasema polepole zaidi. Mwili mmoja si jina moja. Jicho na mkono ni vya mwili mmoja, lakini jicho halidai kwamba lenyewe ndilo lililolima shamba. Hata sheria ya nchi yaliona hilo: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Mtunzi akiisha kufa, haki hiyo yaweza kurithiwa na mume na watoto kama wanavyorithi shamba. Matunda, basi, yaweza kufika kwa familia nzima, lakini jina linalowekwa juu ya wimbo ni la aliyeutunga. Kumnunulia mtu betri hakumfanyi mnunuzi kuwa mtunzi.

Tena, uchungu ule una jina. Katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, hayati Papa Fransisko alipoeleza maneno ya Mtume Paulo juu ya upendo alifika kwenye wivu, akaueleza kuwa ni huzuni inayoletwa na mema ya mwingine. Mtakatifu Thomasi wa Akwino alikuwa amefundisha hivyo miaka mingi kabla, na aliongeza jambo moja la kutazamwa: tunahuzunika kwa sababu tunadhani heshima ya mwingine imepunguza yetu. Hapo nilijiuliza, nikiwa na kalamu mkononi kabisa: baada ya usiku ule, ni nini changu kilichopungua? Kigango kilikuwa pale pale. Watoto wa mafundisho walikuwa pale pale. Sikuona cha kuandika.

Msidhani ni ugonjwa wa sisi watu wa mashambani. Mwalimu mmoja wa muziki aliyetusaidia na kwaya alinisimulia habari za Robert Schumann, mtunzi mashuhuri wa Ujerumani, na mkewe Clara, mpiga piano, waliofunga ndoa mwaka 1840. Mwaka 1842 Robert alimsindikiza Clara katika ziara ya maonyesho. Katika mji wa Oldenburg, Clara akaalikwa kwenye jumba la mtawala bila mumewe. Wawili hao walikuwa na shajara ya ndoa yao waliyoiandika pamoja, na humo Robert alikiri kwamba hali ile ya kuwa mtu wa kando ilimwondolea furaha. Kabla ya ziara kwisha alirudi nyumbani Leipzig, naye Clara akaendelea hadi Copenhagen. Huyo ni mtu ambaye muziki wake unapigwa duniani kote hadi leo, na bado kiti cha kando kilimchoma! Ninalompendea ni kwamba aliandika wazi, katika kitabu ambacho mkewe angekisoma. Mimi nilinuna siku tatu.

Hapa nataka kuwaomba radhi akina mama. Ninyi mmeketi katika kiti hicho tangu zamani. Mume anasimikwa kuwa mzee wa baraza, mume anapandishwa cheo, nanyi mnapanga viti, mnatabasamu, mnaitwa "mama wa mheshimiwa", na hakuna aliyewaandikia makala. Mwanamume mmoja akikalia kiti hicho usiku mmoja tu, anaandika kurasa mbili.

Tukisoma Mithali 31, somo ambalo huchaguliwa sana katika misa za ndoa, tunamsikiliza yule mke mwema na kumsahau mumewe. Ametajwa. Anajulikana malangoni, anaketi na wazee. Mwisho wa sura, matendo ya mke ndiyo yanayosifiwa malangoni humo humo. Na mume anapotajwa kuwa amefungua kinywa, anafungua ili amsifu mkewe. Hatusikii akieleza alivyochangia.

Hata hivyo sitaki mtu afikiri mzigo wote ni wa anayesindikiza. Mke wangu nami tulizungumza siku ile mpaka maharagwe yakaungua. Nilimwambia jinsi nilivyojisikia na zile simu za watu mkononi. Alishangaa, hakuwa ameona. Anayeheshimiwa husahau kirahisi, kwani taa ziko usoni pake. Neno moja tu, "huyu ni mume wangu," lingetosha kwa wale waliokuja mezani, na neno hilo halikuhitaji kufichua habari za mlango wala za busaa. Alikubali.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu kuna kadi ya namna hiyo, zungumzeni kabla ya kwenda. Zungumzeni juu ya fedha kwanza, kwa sababu gauni, nauli na malazi ni gharama, na tuzo mara nyingi ni kipande cha kioo kisichoweza kulipa karo. Mwulize mwenzako kama atakutaja, na ukubali jibu. Na wewe mtunzi, uliza ni mambo gani ya nyumbani yanayoweza kusemwa mbele ya kipaza sauti. Kuweka uchungu wako ndani ya wimbo ni jambo moja. Kuelekeza kidole kwa mwenye kuuleta mbele ya watu mia tatu ni jambo jingine, na hata ushindi haukupi ruhusa hiyo. Kuhusu kukumbatiana kwa wasanii, nawaambia wazi kwamba nilihesabu mara nne, kisha nikaona haya kuhesabu.

Jambo moja sijalimaliza moyoni. Ule wimbo bado unapigwa. Jumapili moja, baada ya misa, vijana wa kwaya waliuanza nje ya kanisa, nami nimesimama na vitabu vya mafundisho mkononi. Mama Watoto alinitazama kutoka upande wa pili, kama anayeuliza awanyamazishe. Nilitikisa kichwa. Tuliusikiliza mpaka mwisho, yeye kule, mimi huku, na watu kati yetu wakipiga makofi.

Mwaka huu kadi imekuja tena, "na mgeni mmoja". Nimeipeleka suti kwa fundi aipanue kiuno.