Swali la Mara ya Ishirini

Mtoto akikuuliza jambo, unamjibu. Akiuliza tena, unamjibu tena, na huo ni uvumilivu wa kawaida wa mzazi. Lakini akiuliza mara ya ishirini usiku mmoja, swali lile lile, "Mama, una uhakika mikono yangu haina sumu?", kumjibu huko bado ni upendo? Nimekuwa nikilizungusha swali hili kichwani tangu nianze kuzungumza na wazazi wa watoto wenye OCD, yale maradhi ya mawazo yanayong'ang'ania na matendo yanayorudiwarudiwa. Jibu langu, ambalo limemfanya mama mmoja aninunie wiki nzima, ni kwamba saa hiyo upendo umeshageuka chakula cha ugonjwa.

Tusichanganye mambo, maana watoto wote wana vijitabia. Kuna anayeruka nyufa za sakafu, kuna asiyelala mpaka asimuliwe hadithi ile ile ya sungura. Hao wanafurahia. Mwenye OCD anateseka. Madaktari hutazama muda (zaidi ya saa moja kwa siku si mchezo), na hutazama kama shule, usingizi na urafiki vimeanza kuharibika.

Binti wa rafiki yangu, miaka 11, alikuwa ananawa mpaka ngozi ya vidole inapasuka. Daftari lake la hesabu lilijaa matundu, maana alifuta na kuandika upya kila tarakimu iliyokaa vibaya. Mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito na mchafu. Mchafu, yule! Bibi akasema ametupiwa jini. Baba akasema anadeka, fimbo mbili zitamtoa. Mama peke yake ndiye alikuwa mpole: alisimama mlangoni mwa bafu akihesabu naye, akamtengea sahani na kikombe, akafua shuka kila siku, akajibu maswali. Sote tulimsifu.

Sasa tazama ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi. Wazo linakuja, hofu inapanda, mtoto ananawa, hofu inashuka kwa dakika chache. Akili inajifunza somo moja tu: nimesalimika kwa sababu nimenawa. Kesho inadai zaidi. Jibu la mama nalo ni kunawa, ila kwa mdomo wa mtu mwingine. Fimbo ya baba ndiyo kabisa, inaongeza hofu juu ya hofu.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alichapisha habari za wagonjwa wawili waliopata nafuu kwa kukabilishwa na wanachokiogopa huku wakizuiwa kufanya matendo yao. Tiba ya leo imetoka huko. Mwaka 2004 utafiti wa Marekani wa watoto na vijana 112, wa miaka 7 hadi 17, ulionyesha kuwa tiba ya aina hiyo pamoja na dawa ya setralini ilileta nafuu kubwa kuliko dawa peke yake. Sawa. Lakini nani amempa mtu mzima ruhusa ya kumwacha mtoto aogope?

Naona ruhusa hiyo itoke kwa mtoto mwenyewe. Kumfungia bomba ghafla ni ukatili tu. Mtaalamu mzuri huketi naye, wakapanga hofu zake kutoka ndogo hadi kubwa, na mtoto ndiye anayesema yuko tayari kwa ipi. Na asipokubali? Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale amejenga tiba inayofanywa na wazazi peke yao: wanabadilisha yale wanayoyafanya wao. Mikono ya mtoto ni yake, lakini mdomo wa mama ni wa mama. Anaweza kumwambia mapema, mchana, wakiwa wametulia: "Usiku ukiniuliza habari za sumu nitakujibu mara moja. Baada ya hapo nitakaa na wewe, ila sitajibu." Kukaa ndiko kugumu. Akinyamaza na kuondoka, hiyo ni adhabu. Akinyamaza na kubaki, mtoto anaiona hofu ikipanda, ikisimama, ikishuka yenyewe. Machozi yatakuwepo, ya wote wawili.

Kwa vijana mambo hujificha. Huyu wa miaka 15 hanawi. Anaficha visu vya jikoni kwa sababu limemjia wazo la kumchoma dada yake, au anatubu kila saa kwa matusi yanayomjia katikati ya sala. Anajiona muuaji, kafiri. Kumbe wazo linamtisha hivyo kwa sababu hataki kabisa kulitenda. Huku pwani neno tunalo siku nyingi: wasiwasi. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika risala nzima kuwakemea wanaoutii wasiwasi katika udhu na najisi. Na kanuni ya fiqhi kwamba yakini haiondolewi na shaka inamtaka mwenye udhu aliyeingiwa na shaka aendelee na sala yake. Ustadhi anayempa kijana huyo jibu la saba kuhusu udhu ule ule amesimama mlangoni mwa bafu pamoja na yule mama. Ampe moja, kisha aongee na wazazi wake habari ya daktari wa akili. Madaktari hao kwetu ni wachache na wengi wako mijini, kwa hiyo nauli ianze kutafutwa mapema.