Nani Alilipwa?

Somo: Kumbukumbu la Torati 15:12-15

Katika somo hili Mungu anamwagiza bwana anayemwacha mtumwa wake huru asimtoe mlangoni mikono mitupu. Ampe mifugo, nafaka na divai, kwa kuwa Israeli nao walikuwa watumwa kule Misri. Sisi tuliofundisha watoto tarehe za kukomeshwa utumwa kwa miaka mingi, twapenda leo kuuliza swali lisilokuwamo katika mtihani: siku ile ya uhuru, aliyelipwa ni nani?

Uingereza ilipitisha sheria ya kuwaacha watumwa huru mwaka 1833, ikatenga pauni milioni 20. Waliopewa ni wenye mashamba ya miwa, matajiri na watu wa vyeo. Mtumwa hakupata hata senti. Zanzibar ikawa vivyo hivyo. Mashamba ya karafuu ya Sultani na jamaa zake yalistawi kwa jasho la watu waliotolewa bara. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, fidia walipewa mabwana. Mtumwa alitakiwa kwenda mahakamani kuomba uhuru wake, tena aonyeshe atakaa wapi na atakula nini, la sivyo ahesabiwe mzururaji.

Lakini tusiwanyoshee kidole masultani na malodi peke yao. SPG, chama cha misheni cha Kanisa letu la Anglikana, kiliachiwa mashamba ya miwa huko Barbados kwa wasia wa Christopher Codrington, aliyefariki mwaka 1710. Watumwa wake walipigwa chapa ya moto kifuani, yenye jina la Chama. Uhuru ulipokuja, Chama nacho kikapokea fidia, zaidi ya pauni 8,800. Mwaka 1965 SPG iliungana na UMCA, wale waliojenga kanisa kuu la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Huku kwetu Injili haikuletwa na UMCA, lakini Kanisa ni moja na aibu ni moja. Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi mwaka 2006. Mwaka 2023 USPG ikaahidi pauni milioni 7 kwa ajili ya kazi kule Codrington. Wako wasemao ni kidogo. Huenda. Zakayo naye hakuishia kwenye maneno (Luka 19:8).

Na sisi wa Bugomora? Zamani wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, Karagwe hii hii. Leo minyororo hakuna, lakini butura tunaijua. Jirani ana mgonjwa, au anadaiwa ada ya shule. Kahawa ingali mbichi mtini. Tunampa fedha kidogo, na msimu ukifika tunavuna yote. Tunajitetea kwamba alikubali mwenyewe. Je, mwenye njaa hukataa? Kibarua aliyepalilia migomba yetu tunamwambia aje kesho, na kesho kutwa, mpaka anachoka kuja. Akiwa ametoka ng'ambo ya mpaka ndiyo kabisa, maana hana pa kushtaki. Kisha Jumapili ya mavuno majina yetu yanasomwa kwa sauti pamoja na idadi ya magunia, naye kibarua ameketi benchi la nyuma, anasikiliza.

Twaomba kila nyumba isome Yakobo 5:1-6 kabla msimu wa kahawa haujafunguliwa.